Mstari wa Bluu wa Bi Kola

Shati likiwa na kola mbovu, mwenye shati naye huonekana mbovu. Hayo ni maneno ya Bi Kola, na yeyote aliyekaa naye ghorofa ya pili kwa muda wa kumaliza sketi moja ameshayasikia vya kutosha kuyakariri. Jina la Kola hakupewa na wazazi. Alilipata kwenye cherehani, kwa kushona kola zinazosimama zenyewe bila kubembelezwa na wanga, na baada ya miaka michache hata mumewe akawa anamwita hivyo, ingawa kwa tahadhari. Mteja akimsifu hajibu "asante". Hujibu "najua", kisha huuliza kama kuna shati jingine.

Ghorofa hiyo ya pili iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zake zinanuka rangi na misumari, na ukifika juu unapokewa na mlio wa cherehani zinazosema zote kwa pamoja, kama ukoo uliokutana kugawana urithi. Mafundi wa pale hawana tajiri, kwa hiyo hawana kiinua mgongo. Anayezeeka anazeeka kwa gharama zake mwenyewe. Ndiyo sababu, zamani kidogo, walianzisha umoja wa akiba. Walimchagua fundi wa mapazia kuwa mwenyekiti kwa sababu hagombani na mtu, na Bi Kola kuwa mweka hazina kwa sababu anagombana na kila mtu.

Akiba hiyo haikukaa kwenye mkebe. Waliamua kuiweka katika mfuko wa uwekezaji, ile mifuko ambayo watu wengi huchangia, kisha wajuzi wakanunua hisa za makampuni na hatifungani za serikali kwa niaba yao. Mifuko iliyojadiliwa ilikuwa miwili. Mmoja, wenye kadi za bluu, ulichanganya hisa na hatifungani na kutoa gawio kila mwaka. Wa pili, wenye kadi nyekundu, ulinunua hisa tupu na haukugawa kitu. Faida yote ilibaki humo humo ikizaana. Bi Kola alisimamia bluu. Shemeji yake alisimamia nyekundu. Bluu ikapita kwa kura, na tangu siku hiyo Bi Kola amekuwa akisimulia kura ile kama watu wengine wanavyosimulia kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza.

Shemeji mwenyewe ni mdogo wa mumewe, fundi wa suruali, na wote wanamwita Pindo. Husemwa fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa zizi moja na wakatumia pasi moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye anayeiacha ikiwaka.

Wiki ya mkutano wa mwaka ilipoanza, Bi Kola alipanda ngazi asubuhi akakuta watu wamesimama wakiutazama ukuta. Pindo alikuwa amebandika karatasi ya patani, ile pana ya kuchorea vipande vya nguo kabla ya kukata, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari. Juu yake palikuwa na mistari miwili. Yote miwili ilianza kimo cha goti, kwenye namba mia. Mwekundu ulipanda kwa furaha hadi usawa wa bega. Wa bluu ulijikokota ukaishia pajani.

"Shikamoo, shemeji," alisema Pindo, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Marahaba. Hii nguo ya nani?"

"Ni grafu. Wa bluu ni mfuko wako. Mwekundu ni ule ulioukataa."

"Wangu mbona umelala?"

"Sijaulaza mimi. Mia ya bluu imekuwa mia na hamsini na nne. Mia nyekundu imekuwa mia na sabini na nane. Nimeandika pale mwisho, usije ukasema nakuonea."

Mwenyekiti alijikohoza. Mtu asiyegombana hujikohoza sana. "Dada, Pindo ameleta hoja. Jumapili tupige kura, akiba yote ihamie mfuko mwekundu. Na hoja ikipita, itabidi na mweka hazina abadilike. Si vizuri mtu atunze kitu asichokiamini."

Bi Kola aliketi kwenye cherehani yake, akageuza kiti ili ukuta uwe mgongoni. Siku mbili nzima hakuitazama karatasi ile. Wateja waliokuja kuchukua mashati waliiona na kuuliza ni nini, naye aliwaambia ni patani ya koti la mvua la mtu mrefu sana. Lakini alijua vizuri kilichokuwa kinasubiri Jumapili. Cheo cha mweka hazina hakina mshahara wala kiti. Kina jambo moja tu, nalo ni kwamba watu walikuamini na wewe ukawa sahihi. Kuondolewa ni kuambiwa mbele ya cherehani zote kwamba hukuwa sahihi.

Siku ya tatu, wengine walipokwenda kula, alisogea ukutani. Hakusogezwa na ujasiri. Alisogezwa na jicho. Jicho lililozoea kumtazama mtu kwa mbali na kujua bega lipi limeshuka haliwezi kuvumilia kitu kisichokaa sawa, na mistari ile haikukaa sawa. Wa bluu umeongezeka hamsini na nne, mwekundu sabini na nane. Mtu wa hamsini na nne akisimama kando ya mtu wa sabini na nane atamfikia walau kifuani. Pale ukutani alikuwa hamfikii kiunoni.

Akavuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. Mwekundu ulipanda inchi thelathini na tisa kamili, yaani inchi moja kwa kila nyongeza ya mbili. Wa bluu uligoma kukaa kwenye inchi. Kitu kikigoma kukaa kwenye inchi, fundi hugeuza utepe. Akaugeuza. Sentimita ishirini na saba kamili. Sentimita moja kwa kila nyongeza ya mbili.

Mwingine angekimbia ngazi kuwatafuta wenzake. Bi Kola aliketi akasubiri warudi wote, wanawe mikono, wakae, kwa maana ugunduzi usio na mashahidi ni shati lisilo na mvaaji.

"Pindo, mstari wa bluu umeuchora wewe?"

"Mimi nilichora mwekundu. Wa bluu nilimpa Mkasi, tumalize haraka."

Mkasi ndiye mkataji wao, binti aliyetoka chuo cha ufundi, na mkono wake hautikisiki. "Nilitumia utepe wake, shangazi," alisema. "Kila namba mbili, alama moja, kama alivyoniambia."

"Alama moja ya nini?"

"Sentimita. Kwani kuna alama nyingine?"

Pindo alifundishwa kazi na mzee wa suti, wa kizazi kinachoamini kwamba sentimita ni za kupimia madawati ya shule. Alitazama utepe wake pande zote mbili kama mtu aliyegundua kwamba mkewe ana pacha.

"Inchi," alisema taratibu.

"Mmemvika mmoja koti la mtu mzima, mwingine la mtoto wa chekechea," alisema Bi Kola, "halafu mnatuuliza nani kanenepa."

"Shangazi, mimi nilisomea sentimita."

"Ulisoma vizuri, mwanangu. Balaa ni uliyekutana naye."

Walicheka mpaka mwenye duka la chini akagonga dari kwa ufagio. Pindo mwenyewe alicheka, maana hakuna namna nyingine ya kupita mahali kama pale. Kisha akachukua penseli, akauchora upya mstari wa bluu kwa inchi, mbele ya macho ya wote. Ukatoka pajani, ukapita kiunoni, ukapanda mbavuni. Na hapo ukakoma. Ulikuwa bado chini ya mwekundu kwa futi nzima.

"Nashukuru kwa marekebisho, shemeji," alisema Pindo. "Bado nakushinda."

Ilikuwa kweli. Bi Kola alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Nyumbani, mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa katika hali ya hatari. Akimtetea ndugu yake, atakula ukoko. Akimtetea mkewe, Pindo atamshtaki kwa mama yao, na mama yao bado ana sauti. Alichagua njia ya madereva, ya kuuliza habari za barabara.

"Huo mstari wake unaanzia wapi?"

"Mwaka ule soko la hisa lilipoanguka."

"Lakini umoja wenu ni wa zamani kuliko hapo."

"Ndiyo."

"Basi. Dereva akikwambia safari imemchukua saa tatu, usimpongeze kabla hujamuuliza aliondokea wapi. Wengine huanza kuhesabu wakishamaliza mlima."

Bi Kola alimtazama kwa muda. Ni mara chache katika ndoa yao mumewe kusema jambo ambalo yeye hakuwa tayari amelisema, na alitaka kulikumbuka.

Kesho yake alikwenda ofisi ya mfuko mwekundu. Karani wa pale, kijana nadhifu mwenye shati lisilo na maajabu, alimpa kipeperushi kinachong'aa. Ndani yake kulikuwa na mstari ule ule wa Pindo, unaoanzia mwaka ule ule. Shemeji hakuwa ametunga hila yoyote, alikuwa amenakili.

"Na miaka ya kabla ya hapa?" aliuliza Bi Kola, baada ya kumsimulia habari za grafu ya ukutani na mfuko wao wa bluu.

"Kipeperushi kinaanzia pale bei zilipogusa chini, mama."

"Kwa hiyo mnampima mtu akiwa shimoni, akifika barabarani mnasema karefuka."

"Hakuna uongo hapo, mama. Bei ndizo hizo."

"Sijasema mnasema uongo. Nimesema mnajua pa kuanzia."

Karani alicheka, si kwa hasira, na akamchapishia bei zote tangu mfuko ulipozaliwa, kwa kuwa anayeziomba hupewa. Ni vile tu watu hawaombi. Kisha akauliza swali ambalo Bi Kola hakulitarajia.

"Mfuko wenu si ule wa bluu? Ule unatoa gawio. Kwenye grafu yenu mmelirudisha?"

"Gawio tulinunulia pasi. Na bima ya moto tulilipa."

"Basi mmelila. Kula si kosa, lakini ukitaka kulinganisha, lihesabu kana kwamba kila mwaka lilirudi kununua vipande vingine vya mfuko. Huu wetu hautoi kitu, kila kilichozaliwa kimo ndani. Wenu mnaupunguza kila mwaka, halafu mnaupima mnashangaa mbona mfupi."

Bi Kola hakuwa amefundishwa kitu kwa upole tangu akiwa mwanafunzi wa kutia uzi. Alitoa penseli akamwomba arudie. Karani akarudia, akamwonyesha kwa mwaka mmoja jinsi ya kufanya, na jinsi ya kuupa kila mfuko mia yake ya mwanzo ili hata yenye bei tofauti ianze mguu sawa. Kabla ya kuondoka, Bi Kola alimwambia kwamba kola yake inamwangusha, apite ghorofa ya pili atengenezewe. Kwake hiyo ndiyo shukrani, na ya daraja la juu.

Jumamosi mchana walikaa mezani, mumewe akisoma bei na yeye akipiga hesabu. Picha ilianza kutokea taratibu, kama koti linapoanza kufanana na mwenyewe. Mwekundu ulianza na mia, ukapanda juu ya wa bluu miaka ya mwanzo hadi mia na thelathini, kisha ukaporomoka hadi sabini na nane. Kutoka shimo hilo ulipanda mpaka leo, mia na thelathini na tisa. Wa bluu, gawio likirudishwa, ulipanda polepole, mwaka wa shimo ukateleza tu hadi kwenye mia yake ya mwanzo, na leo uko mia na sabini na tano.

Mumewe aliweka kidole kwenye mwaka mwekundu ulipokuwa kileleni. "Anzia hapa. Ukianzia hapa, mwekundu unaonekana haujaamka kitandani."

Bi Kola alipiga hesabu hiyo. Ilikuwa tamu. Aliitazama muda mrefu kuliko mke wa mtu anavyoruhusiwa kutazama kitu kitamu.

"Pindo atajua," alisema.

"Atajuaje?"

"Kama nilivyojua mimi ya kwake. Kuanzia shimoni, kuanzia kileleni, ni ufundi ule ule. Sitaki kushinda kama Pindo. Nataka kushinda kama mimi." Akafuta. "Tunaanzia siku pesa yetu ilipoingia. Siku hiyo hatukuichagua kwa ajili ya grafu."

Kisha akachukua karatasi ya pili, fupi, akaanza kuchora kutoka mwaka wa shimo, kila mmoja kwa mia yake. Humo mwekundu ulifika mia na sabini na nane, na wa bluu, pamoja na gawio lake, mia na sabini na tano.

"Hiyo ya nini tena?" aliuliza mumewe. "Si umeshindwa humo?"

"Kwa tatu."

"Ndiyo kushindwa."

"Wale watatu waliotoka kiwanda cha sare kilipofungwa waliingia kwetu mwaka wa shimo. Karatasi ndefu si kipimo chao. Siwezi kumshonea mtu suti kwa kumpima kaka yake."

Mumewe akaenda kuchemsha chai, ambayo ndiyo namna yake ya kumpa mtu heshima, kama wengine wanavyosimama mkubwa akiingia.

Jumapili karatasi zote mbili zilikuwa ukutani, na chini ya kila moja, kwa chaki, maneno makubwa: KILA NAMBA MBILI, INCHI MOJA. Bi Kola alieleza kwa kifupi, jambo lililowashangaza wengi kuliko grafu. Alieleza pa kuanzia, akaeleza gawio, akasema ni karani wa mfuko mwekundu aliyemfundisha hilo la pili. Alipomaliza alimpa Pindo utepe.

"Pima."

Pindo alipima. Alipima mwekundu, akapima bluu, akapekua bei zilizochapishwa, akarudia gawio la miaka miwili kwa kalamu yake mwenyewe huku watu wakisubiri. Hakuna aliyemharakisha. Mafundi wanaheshimu mtu anayepima mara mbili.

"Hapa kwenye fupi nimekushinda," alisema hatimaye.

"Kwa tatu."

"Tatu ni kushinda."

"Ni kushinda. Soma pale pembeni."

Pembeni paliandikwa: Tangu mwaka wa shimo, mwekundu unaongoza.

"Na kwenye ndefu, miaka ya mwanzo nilikuwa juu yako."

"Ulikuwa juu mpaka ulipoporomoka. Na hilo nimeliandika, sikutaka upate kazi ya kunikumbusha."

Mmoja wa wale watatu wa kiwandani aliinua mkono. "Sisi tutazame ipi?"

"Fupi. Msidanganyike na ndefu, hiyo ni ya wakongwe."

"Basi kwa tatu mimi sihami. Kuhama kwenyewe kuna ada."

"Mimi ningehama," alisema mwenzake. "Pasi nimeshanunua yangu. Gawio la nini?"

Mwenyekiti alijikohoza. "Na kesho je, dada? Mwaka ujao utakuwaje?"

"Hilo halimo humu. Hii inapima nguo iliyokwisha kuvaliwa. Ya kesho bado iko kwenye jora."

Wakapiga kura. Hoja ya kuhama ilipata mikono miwili: wa yule wa kiwandani na wa Pindo, aliyeunyoosha mpaka juu bila kupinda kiwiko. Bi Kola aliuona mkono huo na hakuuchukia. Angeushusha, Bi Kola angekuwa amemshinda mtu anayeshindwa kirahisi, na ushindi wa namna hiyo hauna kola. Akabaki mweka hazina, na watu walipopiga makofi hakuinamisha kichwa hata kidogo.

Lakini hakuwa amemaliza. Alisimama tena akasema ana hoja yake. Kuanzia sasa grafu ichorwe kila mwaka, karatasi zote mbili, na mstari wa bluu auchore Pindo, na mwekundu auchore yeye.

"Kinyume?" aliuliza Pindo.

"Kinyume. Mtu hawezi kujipima mgongo."

Hoja hiyo ilipita bila kuhesabiwa mikono.

Mwaka uliofuata hisa zilichangamka, na mfuko mwekundu ukapanda kuliko wa bluu. Pindo alichora bluu mchana, akamaliza haraka, akakaa pembeni na chai yake akisubiri kuona shemeji atafanya nini. Bi Kola alichonga penseli nyekundu upya. Alipima kila alama mara mbili, akamfukuza Mkasi aliyetaka kumshikia rula, na akaupandisha mstari ule juu, juu zaidi ya ulivyowahi kufika tangu shimo, bila kuupunguzia hata upana wa uzi. Kisha akarudi nyuma, akauinamishia shingo upande huu na upande ule, na kuwatangazia waliokuwepo kwamba katika jengo zima, pamoja na duka la chini, hakuna mtu mwingine anayeweza kuchora mstari mwekundu ulionyooka namna ile.